Kabla Hujamrushia Zimwi Sufuria

Mwenye nyumba ya wageni amewaomba muache silaha mlangoni, nanyi mmekubali kwa sababu njaa ilikuwa inauma. Supu imeletwa. Hamjafikisha kijiko mdomoni, mlango unapigwa teke, wanaingia majambazi watano. Msimulizi wa mchezo anakugeukia: "Unafanya nini?" Unaitazama karatasi ya mhusika wako. Upanga upo, umeandikwa vizuri kabisa, ila sasa hivi umefungiwa kabatini upande wa pili wa ukumbi.

Wachezaji wengi niliokaa nao meza moja hujibu vilevile: "Nanyanyua kiti, nampiga nacho." Dadu inarushwa, kiti kinakosa. Zamu ya pili, kiti tena. Zamu ya tatu kiti kinampata mtu, anapoteza pointi 4 za uhai, na upande wa pili wa meza kuna aliyekwisha kutoa simu. Kiti kimeonewa tu. Kimelazimishwa kuwa upanga.

Kwa mgeni wa mambo haya: michezo ya kuigiza mezani ilianza kuuzwa mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons huko Marekani. Mtu mmoja ni msimulizi, anaielezea dunia na kuwachezea maadui. Wengine kila mmoja ana mhusika wake. Unasema unachotaka kufanya, unarusha dadu ya pande 20, unajumlisha uwezo wako, na jumla ikifikia kinga ya adui, umempata. Dadu nyingine ndogo inasema ameumia kiasi gani.

Kanuni ya silaha za kuokoteza ni fupi. Katika toleo la tano, la mwaka 2014, chochote unachoweza kukishika kwa mkono mmoja au miwili ni silaha: kigae cha chupa, mguu wa meza, kikaango, gurudumu la mkokoteni, hata maiti ya zimwi uliyemuua sasa hivi. Kinaumiza kwa dadu ya pande 4. Ukikirusha, kinafika futi 20 bila taabu na hadi 60 kwa kubahatisha. Na ile nyongeza ya ustadi, ambayo mhusika huipata akishika silaha aliyofundishwa, hupewi. Lakini kuna mlango wa uani: kitu kikifanana na silaha iliyomo kitabuni, msimulizi anaweza kukihesabu kuwa ndiyo hiyo silaha. Mguu wa meza ni rungu, basi. Toleo la 2024 limepanga maneno upya na kuyaacha mambo haya palepale. Kanuni za msingi za toleo la 2014 unaweza kuzisoma bure na kihalali, maana tangu Januari 2023 ziko chini ya leseni ya Creative Commons.

Tupige hesabu mara moja halafu tuachane nayo. Askari wa daraja la kwanza ana Nguvu ya +3 na ustadi wa +2. Adui wake ana kinga 13. Akiwa na upanga mrefu anahitaji dadu itue kwenye 8 au zaidi, yaani nafasi 13 kati ya 20, na pigo lake huumiza wastani wa pointi 7.5. Akiwa na kiti, ustadi umeondoka: anahitaji 10, nafasi 11 kati ya 20, na pigo ni wastani wa 5.5. Ukichanganya kupata na kukosa, na kuyaacha kando mapigo ya bahati ya dadu kutua 20, upanga unampa karibu pointi 4.9 kwa zamu na kiti 3.0. Zaidi ya theluthi moja ya makali yake imepotea kwa kubadilisha alichoshika. Mchawi mwenye mikono kama vijiti, ndiyo usiseme.

Kwa hiyo ukiokota chombo, kiulize kazi yake ya kila siku, kisha umpe adui kazi hiyo. Kikaango hukaanga. Ngazi hufika mbali na kuziba njia. Kamba hufunga, wavu hukamata, pazia huficha, mtungi humwagika. Pigo la kikaango utosini ni dadu ya pande 4. Mafuta yaliyokuwa yakichemka ndani yake ni jambo jingine kabisa, na msimulizi mwenye akili atalichukulia hivyo.

Anza na mafuta ya taa, kwa sababu kitabu chenyewe kimeyapa kanuni na watu hawaisomi. Katika toleo la 2014 chupa moja ni sarafu 1 ya fedha. Ukimrushia adui na kumpata, haumii, analowa tu. Lakini moto wowote ukimdhuru kabla mafuta hayajakauka, na hukauka baada ya dakika moja, anapata pointi 5 za ziada. Ukiyamwaga chini yanaenea mraba wa futi 5. Yakiwashwa yanawaka mizunguko 2, yaani zamu mbili za kila mmoja vitani, na kila anayeingia humo au anayemalizia zamu yake humo anaungua pointi 5. Zitazame hizo 5 vizuri. Dadu ya upanga mrefu, bila Nguvu ya anayeushika, ina wastani wa 4.5. Na ule moto maalumu wa kemia unaouzwa ukurasa uleule ni sarafu 50 za dhahabu kwa chupa: bei ya chupa 500 za mafuta ya taa.

Tatizo la mafuta ni muda. Kumwaga ni kitendo kimoja, kuwasha ni kingine, na katikati yake majambazi wameshafika. Gawaneni: mmoja amwage kwenye kizingiti, anayemfuata kwa zamu awashe. Mchezaji anayetaka kufanya yote mawili peke yake huishia kumulikia maadui njia.

Gololi za chuma nazo zinauzwa elfu moja kwa sarafu 1 ya dhahabu, zinatandaza mraba wa futi 10, na anayepita juu yake kwa mwendo wa kawaida lazima afikie 10 kwa dadu ya Wepesi, la sivyo anaanguka. Jambazi wa kawaida wa kitabu cha viumbe cha 2014 ana Wepesi wa +1, kwa hiyo huanguka mara 8 kati ya 20. Akishakuwa chini, aliye karibu naye anarusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Kuinuka kunamla nusu ya mwendo wake. Ila mwambie mpiga mishale wenu atulie, maana aliyelala chini ni vigumu kumlenga kwa mbali: yeye atarusha mbili na kuchukua ndogo. Sasa rudi kwenye ile nyumba ya wageni. Huna gololi, ila jikoni pana gunia la kunde kavu. Lipasue, kisha umwambie msimulizi: "Hizi tuzihesabu kama gololi?" Sijawahi kumwona msimulizi akikataa. Hoja yako imesimama juu ya kanuni ambayo tayari anayo, hana haja ya kutunga mpya katikati ya vita.

Huo ndio ufundi wenyewe wa mchezaji. Usiseme tu unachokishika. Taja kitu, kazi yake, na kanuni inayokaribiana nacho, vyote katika sentensi moja. "Nashika kamba" inamwachia msimulizi mzigo. "Naifunga kamba kwenye nguzo mbili za mlango, usawa wa goti, ili wa kwanza atakayeingia mbio aanguke kama kwenye gololi" inampa kazi ya kusema ndiyo au hapana tu.

Ngazi haina kanuni ya kupigania popote nilipotafuta, nayo ndiyo kipenzi changu. Mezani kwetu wahusika wawili waliwahi kuishika ngazi kwa mlalo, mmoja kila ncha, wakaenda nayo mbio hadi ukutani na majambazi watatu wakiwa katikati. Msimulizi alifikiri kidogo, akaamua kuwa ni kusukuma, na kusukuma kuna kanuni katika toleo la 2014: Nguvu yako dhidi ya Nguvu au Wepesi wa unayemsukuma. Kwa kuwa walikuwa wawili, mmoja akihesabiwa kumsaidia mwenzake, walipewa dadu mbili wachukue kubwa. Hakuna aliyepoteza hata pointi 1 ya uhai. Lakini majambazi watatu walikaa wamebanwa mizunguko miwili, na katika mizunguko hiyo mhusika wetu wa tatu alifika kabatini.

Vitu vingine nitavipita haraka. Misumari mikubwa ya chuma, 10 kwa sarafu 1 ya dhahabu, ukiipigilia chini ya mlango inaufunga kwa upande wako. Wachezaji wa zamani walikuwa hawatembei bila hiyo. Fimbo ya futi 10 ni ya kugongea sakafu usiyoiamini. Mtaimbo unakupa dadu mbili popote penye haja ya kubanjua kitu, na kifuniko cha jeneza ni kitu. Unga: kila meza ina mtu mmoja aliyesoma mahali kwamba vumbi la unga likitanda hewani katika chumba kilichofungwa linaweza kulipuka. Ni kweli. Mruhusu mara moja katika maisha ya kikundi, kwa sababu ukiruhusu mara ya pili hamtacheza tena mchezo wa mapanga na uchawi, mtacheza mchezo wa kununua unga.

Hapo tumeshaingia upande wa msimulizi, basi nibaki huko. Ukiombwa kitu ambacho hakimo kitabuni, tafuta kwanza jirani yake: silaha gani, kifaa gani au hila gani iliyoandikwa inafanana nacho? Ukimpata jirani, mpe kanuni yake nzima, pamoja na udhaifu wake. Usipompata, toa athari ya zamu moja na si zaidi. Supu ya moto usoni: haoni mpaka zamu yake ijayo iishe. Pazia kichwani: atumie kitendo kulitoa. Jambo dogo la kufa haraka halikuharibii mizani, na mchezaji anapata fahari yake. Halafu andika ulichoamua. Wachezaji wana kumbukumbu ya mdai. Ulilolikubali Jumamosi hii litaletwa mbele yako baada ya miezi mitatu.

Kuvunjika nako kusemwe mapema. Sisi tumekubaliana kwamba dadu ikitua 1, chombo cha mbao au cha udongo kimekwisha. Haimo kitabuni, ni sheria ya nyumba, na imetufanya tuokote vitu vingi zaidi kwa sababu kila kimoja kina siku zake. Kuhusu vile vipaji vinavyomruhusu mhusika kutumia ustadi wake hata akishika kiti, kama kile cha mgomvi wa baa: ni vizuri kwa anayetaka mhusika wa aina hiyo, lakini usikichukue ukidhani ndicho kitakachoufanya mchezo wako uwe na ubunifu. Kinaongeza namba tu. Na kuna jambo linalosahaulika kila wiki: upinde ukiutumia kumpiga mtu wa karibu, au upanga usiotengenezewa kurushwa ukaurusha, navyo vimekuwa vitu vya kuokoteza. Pande 4.

Ukichoka na hesabu za kulinganisha, upo mchezo ambao umezifanya zana za kazi kuwa ndiyo mwanzo wa kila kitu. Dungeon Crawl Classics, uliotolewa na Goodman Games mwaka 2012, haukupi shujaa. Unakupa wanavijiji watatu wanne kwa mpigo, kila mmoja na uhai wa dadu moja ya pande 4, na unawatumbukiza wote shimoni; watakaotoka hai ndio watakaokuwa mashujaa. Kazi ya mwanakijiji inaamuliwa na dadu, na kazi ndiyo inayompa silaha. Mchinja nyama ana kisu kipana kinachohesabiwa kama shoka, na ubavu wa ng'ombe. Mshona viatu ana msharasi unaohesabiwa kama jambia. Mchimba makaburi ana koleo linalohesabiwa kama fimbo, na mwiko wa kuashia. Mkulima ana uma wa majani unaohesabiwa kama mkuki, na kuku. Mfuga nyuki ana mtungi wa asali. Mtengeneza jibini ana jibini linalonuka.

Ona wanachokifanya hapo. Kile kitu cha pili, kuku na asali na jibini, hakina namba yoyote. Kimewekwa ili mchezaji akiulize kazi yake. Nimeona kuku akitumwa mbele kujaribu sakafu yenye mtego, na nimeona jibini likitupwa kwenye ngazi kuwavuta panya wakubwa. Mwanakijiji mwenye pointi 2 za uhai hawezi kuthubutu kupigana uso kwa uso, kwa hiyo mchezaji wake anafikiri. Kama kikundi chako kimezoea kurusha dadu na kungoja zamu, wapitishe humo jioni moja kisha warudi kwenye mchezo wao wa kawaida. Utaona tofauti.

Michezo mingine imelitatua jambo hili kwa njia zake. Pathfinder ya 2019 inakukata pointi 2 za kulenga, wakati ile ya 2009 ilikukata 4. Katika Dungeon World ya 2012 maumivu yanatoka kwa mhusika, hayatoki kwa chombo: mpiganaji hurusha dadu ya pande 10 awe na shoka au bakuli. Fate haijali hata hilo. Unatumia zamu kuiumba hali, tuseme "Sakafu Imejaa Mafuta", kisha mwenzako anaiita hali hiyo na kupata +2. Kwa wanaopenda kusimulia kuliko kuhesabu, ya mwisho ndiyo inayostahili muda wenu.

Swali ambalo huja baadaye ni hili: chombo kinaweza kuacha kuwa cha kuokoteza? Kinaweza, ukimpa fundi muda. Tarehe 4 Aprili 1794, huko Racławice nchini Poland, wakulima waliomfuata Tadeusz Kościuszko waliwashambulia wapiga mizinga wa Urusi na kuiteka mizinga yao, wakiwa na miundu ile mirefu ya kukatia nyasi kwa mikono miwili. Lakini mundu huo kama ulivyo shambani haufai vitani; ubavu wake umelala pembeni, unafyeka chini. Wahunzi walikuwa wameung'oa ulimi na kuusimamisha wima kwenye ncha ya mpini, ukawa kama mkuki wenye makali. Katika mchezo, mhusika mwenye vifaa vya uhunzi na usiku mmoja wa kazi astahili kitu hichohicho: akusimulie anachogeuza, akipata dadu yake, mpe silaha kamili pamoja na ustadi. Wahussi wa Bohemia, karne ya 15, nao walizifunga vyuma fimbo zao za kupuria nafaka, na hiyo fimbo ya mnyororo unayoiona kwenye orodha ya silaha za mchezo ni ndugu wa ile ya kupuria.

Orodha hizo, utakuwa umeshaona, ni za Ulaya tupu. Mimi huichezesha dunia yangu ikiwa na vitu ninavyoujua uzito wake, kwa sababu mtu huokota haraka kile ambacho mkono wake umeshakishika. Sijui mkuki wa walinzi wa Uswisi unalemea upande gani, mchi naujua. Mchi wa kutwangia, wa mikono miwili, mpe dadu ya pande 8 kama rungu kubwa la kitabuni. Ni silaha sahili, karibu kila mhusika ana ustadi nayo, kwa hiyo yule askari wetu akiukuta mchi jikoni anarudi kwenye pointi zake 4.9 kwa zamu kana kwamba upanga haukufungiwa. Pondo la mtumbwi ni fimbo ya pande 6. Kombeo limo kitabuni tayari. Sururu ni silaha ya mpiganaji hasa, pande 8. Mbuzi ya kukunia nazi ina ulimi wa chuma wenye meno, ipe pande 4 za kukata, lakini sema "ya nazi" kila mara; sisi tulipoteza nusu saa mchezaji mmoja akiamini ameokota mnyama.

Panga nalipa pande 6, kama shoka la mkono lisilorushwa, nalo ndilo kitu pekee ninachokiulizia kabla. Kwa mtu aliyekulia mahali fulani katika miaka fulani, neno hili si la mchezo. Ulizeni kabla ya kuanza, na muweke mezani ile kadi yenye alama ya X aliyoibuni John Stavropoulos: anayeigusa, tukio linarukwa, hatoi sababu. Mezani kwetu imeguswa mara mbili. Tuliruka, tukaendelea.

Na vita vikiisha, usimsahau mwenye vitu. Ngazi ilikuwa ya mtu, kunde zilikuwa chakula cha mwezi mzima, pazia lilishonwa na mama mkwe wake. Msimulizi, mlete na karatasi ya hesabu. Kikundi chetu, baada ya kuwamaliza majambazi watano bila mmoja wetu kuanguka, hakikuwa na hata sarafu ya kulipia sufuria. Tuliosha vyombo siku mbili, na ni kule karoni mchawi wetu alikookota kisu kimoja cha wale majambazi, akausoma muhuri kwenye mpini, akatuonyesha kimyakimya: ulikuwa wa liwali.